Pengo la Milimita Mia

Rula haikuingia.

Hapo ndipo tulipomwacha mhandisi wetu wiki iliyopita: amepiga magoti kwenye korido ya ghorofa ya kwanza ya hospitali mpya ya uzazi, asubuhi ya uzinduzi, rula ya chuma mkononi, akitafuta pengo alilolichora kwa mkono wake mwenyewe. Mahali pengo lilipotakiwa kuwa palikuwa na marumaru nyeupe, mpya, zinazong'aa kama meno ya mgombea.

Aligeuza rula akagonga kwa ncha. Sakafu iliyo tupu chini yake hulia kama debe. Hii ililia kama jiwe.

"Limejazwa," alisema, akidhani yuko peke yake.

"Shem, umedondosha hereni?"

Nyuma yake alikuwa amesimama mkandarasi, suti ya kijivu, kofia ngumu nyeupe isiyo na hata mkwaruzo. Kaka mkubwa wa mume wake. Mafundi walimwita Fasta, kwa sababu kila kazi aliimaliza mapema na kuirudia baadaye. Mhandisi mwenyewe walimwita Milimita, na hawakuwa wakimsifu.

"Nani amejaza hapa?"

"Mimi." Fasta alichuchumaa kando yake, akaipapasa sakafu kama anayempapasa ng'ombe wa maonyesho. "Usinishukuru. Sisi ni familia."

"Nani alikuambia ujaze?"

"Shem, jengo jipya lina ufa toka chini mpaka juu, mkono mzima unaingia. Ulitaka watu waseme nini? Kwamba mke wa mdogo wangu amechora hospitali ikatoka imepasuka? Nikasema hapana, aibu yake ni aibu yetu. Nikashindilia zege. Baba tu ndiye niliyemwambia, na akanibariki."

"Ule haukuwa ufa. Yale ni majengo mawili."

Fasta aliangalia korido upande huu, akaangalia upande ule. "Mimi naona moja."

Kwa aliyekosa sehemu zilizotangulia, mambo yenyewe ni mepesi, na ndiyo maana yanaudhi. Hospitali ile ilikuwa majengo mawili yaliyosimama bega kwa bega. Moja refu, la wodi. Lingine fupi, la upasuaji. Ardhi ikitikisika, jengo refu huyumba polepole na jengo fupi huyumba upesi. Yakiachiwa nafasi, kila moja litacheza ngoma yake. Yakibanwa, yatapigana.

Kulikuwa na baya zaidi. Vyumba vya upasuaji vina dari ndefu, kwa hiyo sakafu za jengo fupi hazikulingana na sakafu za jengo refu. Sakafu ya huku ilitazamana na katikati ya nguzo za kule. Ni kama kumpiga mtu goti kwa nyundo kutoka ubavuni. Goti halikuumbwa kwa kazi hiyo.

Ndiyo maana Milimita aliacha uwazi wa milimita mia, upana wa kiganja, kutoka kwenye msingi mpaka kwenye paa la jengo fupi, na juu yake akaweka bati la chuma linaloteleza ili watu na machela wapite. Bati hilo Fasta aliliona ni kiraka. Aliling'oa.

Milimita hakuyaona hayo kwa sababu bodi ya hospitali ilimwondoa kwenye usimamizi wa kazi za mwisho. Walisema anachelewesha. Na tangu Jumatatu ya wiki ile, ardhi ya mji ilikuwa ikitetemeka kidogo kila siku, vikombe vikilia kabatini, watu wakiambiana kwamba ni lori.

"Umejaza mpaka wapi?" aliuliza.

"Mpaka juu. Mimi sifanyi kazi nusu nusu." Fasta alishusha sauti, kama mtu anayetoa siri ya mafanikio yake. "Na nikatia nondo. Nimetoboa nguzo za huku, nimetoboa na za kule, nikapitisha nondo, nikafunga. Hiyo ni ndoa, Shem. Haina talaka."

"Umetoboa nguzo."

"Vitundu vidogo."

Milimita alisimama, akapangusa magoti. Hakugombana naye. Kugombana na Fasta kungekuwa kumkubalia kwamba ana hoja.

Baba mkwe alikuwa nje, chini ya turubai, mbele ya viti vilivyoanza kujaa, akiifanyia mazoezi hotuba ambayo baadaye angedai hakujiandaa nayo. Alikuwa mwenyekiti wa bodi ya hospitali. Mwanawe alikuwa mkandarasi wa hospitali. Mkwewe alikuwa mhandisi wa hospitali. Bodi ilipoulizwa kuhusu jambo hilo ilijibu kwamba familia ile imejitolea sana.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mkwe wangu. Mbona una vumbi magotini siku kama ya leo?"

"Baba, pengo limezibwa."

"Nimeambiwa. Nimefurahi."

"Lazima lifunguliwe kabla mgonjwa hajalala jengo refu. Tunahitaji msumeno wa kukatia zege, mafundi wanaojua, na siku chache. Leo kateni utepe, pigeni picha, lakini hapa hapa nje. Asiingie mtu ndani."

Mwenyekiti alicheka kicheko cha cheo, kile kinachowasubiri wengine wakipokee. Akawageukia wanakamati waliokuwa wakipanga viti.

"Mmemsikia mhandisi wetu? Wazee walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Yeye anasema ukiziba ufa umekosa."

Wanakamati walicheka. Wenye ajira chini yake walianza, wenye tamaa ya ajira walimalizia.

"Wazee walizungumzia nyumba moja, Baba," Milimita alisema. "Hapa nyumba ni mbili."

"Methali ni methali. Haina moja wala mbili."

"Na zege ni zege. Halijui methali."

Kicheko kilikatika. Mwenyekiti alimshika kiwiko, akamsogeza mbali na viti. Sauti yake sasa ilikuwa ya nyumbani.

"Mwanangu, nikueleze kitu. Mgeni rasmi alikuja kukagua mwezi uliopita. Nikampitisha koridoni. Akasimama juu ya kile kibati chako, akaniuliza mbele ya watu: Mzee, hili jengo limepasuka? Unajua nilivyojisikia?"

Kumbe ni hilo. Hospitali ya akina mama wa mji mzima ilikuwa imefungwa pingu kwa sababu mzee mmoja aliulizwa swali na hakuwa na jibu.

"Ungeniuliza, Baba, ningekupa cha kumjibu."

"Nikuulize wewe?" Mwenyekiti alishangaa kwa dhati kabisa, kama aliyeshauriwa aende kusoma shule ya awali.

"Basi wagonjwa wasihamishwe."

"Wagonjwa wanakuja kesho. Leo yupo mmoja tu." Alinyoosha tai. "Wifi yako. Uchungu umemwanza alfajiri, mama yake amempandisha juu. Mtoto wa kwanza kuzaliwa humu atakuwa mjukuu wangu. Televisheni wameshaambiwa."

Milimita hakuaga. Aliliacha turubai akiwa anakimbia, jambo ambalo hakuna fundi aliyewahi kumwona akilifanya.

Wifi yake, kitinda mimba wa familia, alikuwa amelazwa ghorofa ya tatu ya jengo refu. Huyu ndiye pekee katika ukoo ule aliyewahi kumuuliza Milimita swali kisha akangoja jibu. Mume wa Milimita alikuwa safarini kikazi, na hata angekuwepo angesimama katikati, mahali anapopapenda.

Mlangoni kwa mzazi alisimama Mama mkwe, mkoba wa mtoto begani, chupa ya chai mkononi.

"Unakwenda wapi humu na viatu vya saiti?"

"Kumchukua wifi, Mama. Anashuka."

"Anashuka kwenda wapi? Kwenye hospitali ya zamani? Mwanangu akazalie chini ya bati?"

"Bati likianguka linaumiza, Mama. Zege likianguka halina haja ya kuumiza."

"Wewe tangu uingie kwenye familia hii ni kupima tu. Hata siku ya harusi yako ulipima ukumbi."

"Ukumbi ulikuwa mbovu."

"Nyie huko," sauti ilitoka ndani, "mwacheni aingie. Anayezaa ni mimi."

Wifi alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, ameushika ubavu wa chuma kama usukani. Uso ulikuwa umelowa jasho lakini macho yalikuwa makavu.

"Sema upesi, wifi, kabla uchungu haujarudi."

"Jengo hili halifai. Kaka yako amejaza zege kwenye pengo."

"Halifai kwa rangi, au halifai kwa kuua?"

"Kwa kuua. Ardhi ikitikisika kwa nguvu."

"Itatikisika leo?"

"Sijui. Hakuna anayejua."

"Wewe ungelala hapa?"

"Hapana."

"Mama, nipe viatu vyangu."

Mama mkwe alifungua kinywa, lakini aliyeingia alikuwa Daktari, mwanamke mfupi mwenye barakoa iliyoning'inia kidevuni. Aliweka kipimo tumboni, akasikiliza, akasikiliza tena.

"Mtoto amechoka," alisema. "Mapigo yanashuka. Hatusubiri, tunafanya upasuaji."

"Hospitali ya zamani," Milimita alisema haraka. "Iko hapo ng'ambo ya uwanja."

"Kule kumebaki kuta. Meza ya upasuaji, taa, mashine ya usingizi, vyote vimehamishiwa jengo jipya leo asubuhi. Mwenyekiti hakutaka televisheni ikute chumba kitupu."

Kwa hiyo mjomba wa mtoto alikuwa amelifunga jengo, na babu wa mtoto alikuwa amefunga njia ya kulikimbia. Bibi alikuwa amemleta mama yake mtoto hadi ghorofa ya tatu. Familia ilikuwa imejitolea kweli kweli.

Milimita aliifikiria michoro yake. Chumba cha upasuaji kilikuwa jengo fupi, ghorofa ya kwanza, upande wa mwisho kabisa. Majengo yakigongana, jengo fupi lingeumia upande wa pengo. Upande wa mbali lingebaki jengo.

"Kule mwisho panawezekana," alisema. "Lakini asipite koridoni. Ashuke ngazi, atoke nje, apandie njia ya machela ya jengo fupi."

"Huo ni mzunguko," Daktari alisema.

"Ndiyo."

"Na koridoni ni hatua chache tu," Mama mkwe alidakia.

"Koridoni ndipo yanapogongana, Mama."

Daktari alimtazama Milimita machoni. "Kule mwisho ni salama?"

"Hatari ya kule ni ndogo kuliko ya hapa. Sikusema haipo."

Daktari aliitikia kwa kichwa. Naye kila siku alikuwa akidaiwa ahadi na watu wasiopenda kusikia uwezekano. "Leteni machela."

Wauguzi walimbeba Wifi ghorofa moja baada ya nyingine, Milimita mbele, Mama mkwe nyuma akinung'unika.

"Mkinidondosha," Wifi aliwaambia kati ya maumivu mawili, "nitamwambia kaka. Atawajaza zege."

Walikuwa katikati ya uwanja ardhi iliponguruma.

Halikuwa tetemeko kubwa. Maji yalitikisika kwenye madumu, viti kadhaa vikaanguka chini ya turubai, mtu akapiga yowe na wengine wakamfuata kwa adabu. Lakini kutoka juu, koridoni, ulitoka mlio ambao haukuwa wa ardhi. Mshindo mmoja mkavu, kama mlango uliobamizwa na mwenye hasira. Halafu mwingine.

Kisha ardhi ikatulia.

"Ile nini?" Wifi aliuliza kutoka kwenye machela.

"Hodi," Milimita alisema. "Twendeni."

Alihakikisha machela imepanda, imepita mlango wa mwisho, na Daktari amefunga mlango ule nyuma yake. Mama mkwe alibaki nje ya chumba cha upasuaji, kwenye benchi, akilalamikia mzunguko. Milimita aliteremka tena uwanjani, akazunguka, akapanda ngazi za jengo refu mbili mbili.

Koridoni, marumaru zilikuwa zimeinuka kwa mstari mmoja ulionyooka kutoka ukuta hadi ukuta, zikaegemeana kama karata. Mstari ule ulipita pale pale rula ilipokataliwa. Fasta alikuwa amesimama kando, mikono mfukoni.

"Marumaru tu hizo, Shem. Gundi ya siku hizi haina maana."

Milimita alimpita akaenda kwenye nguzo ya jengo refu. Kwenye usawa wa kiuno, mstari mweusi ulikuwa umeikata nguzo mshazari.

"Huu sasa," alisema, "ndio ufa."

"Plasta hiyo."

"Plasta yako ina unene gani?"

Milimita aliiweka rula kwenye mstari mweusi. Iliingia bila kusukumwa. Iliipita plasta, ikaendelea.

Kwa mara ya kwanza tangu ajulikane na mji, Fasta hakuwa na haraka. Aliitazama rula, akaitazama nguzo, akaivua kofia yake nyeupe na kuishika kifuani.

"Naziba," alisema kwa sauti ndogo. "Nipe dakika moja, Shem. Naenda kuchanganya saruji, naziba."

"Ukigusa kitu kingine kwenye jengo hili nitakuitia polisi. Dada yako anapasuliwa tumbo upande wa pili wa hilo zege lako. Nenda kasimame kwenye ngazi. Asipande mtu."

Hakuwahi kumaliza. Kipaza sauti kilikwaruza kutoka uwanjani.

"Mabibi na mabwana, msiogope." Ilikuwa sauti ya Mwenyekiti, tamu kama sharubati. "Mmejionea wenyewe. Ardhi imetikisika, jengo limesimama. Kuna watu, siwataji, walitaka kututisha asubuhi ya leo. Sasa nawaalika nyote mpande mlishike kwa mikono yenu. Kamati, wapandisheni wageni."

Na wageni walipanda. Dakika moja iliyopita walikuwa wakipiga mayowe. Sasa walisukumana ngazini kwenda kulishika jengo, kwa sababu mwenye kipaza sauti alisema. Fasta aliyaeneza mabega yake ngazini, akasukumwa kando kama pazia.

Korido ilijaa suti, manukato na ratiba zilizogeuzwa za kujipepea. Mwenyekiti alifika mbele kabisa, kipaza sauti mdomoni, akasimama juu ya mstari wa marumaru zilizoinuka, akazisawazisha kwa kiatu.

"Tazameni," alisema. Kisha akaruka.

Mzee wa umri ule, kwenye viatu vya ngozi inayong'aa. Aliruka mara moja, akaruka tena. "Rukeni, waheshimiwa. Rukeni mpate imani."

Makamu mwenyekiti aliruka. Katibu akaruka. Wanakamati wakaruka kwa mfuatano wa vyeo, na wageni, wasijue itifaki inasemaje, wakaruka wote. Vipande vya marumaru vilisagika chini ya visigino vyao. Milimita aliuweka mkono kwenye nguzo. Alihisi unga ukimdondokea kidoleni kutoka ndani ya ufa.

"Na huyu hapa ndiye aliyelichora." Mwenyekiti alikuwa amemwona. "Mkwe wangu. Mwanangu, waambie wageni wetu kwa kinywa chako: jengo ni imara, au si imara?"

Akampa kipaza sauti. Macho yake yalikuwa yamekwisha kumjibia.

Milimita alikishika. Akisema ukweli, watu wote wale wangekimbilia ngazi moja kwa pamoja, na ngazi ile aliichora kwa ajili ya watu wenye akili timamu. Wangekanyagana kabla ardhi haijafanya lolote. Akisema uongo, wangebaki wanaruka.

Aliwatazama. Alitafuta kitu kitakachowashusha watu hawa. Akili haikuwa imewapandisha, kwa hiyo akili isingewashusha.

"Televisheni iko chini," alisema kwenye kipaza sauti, taratibu, kwa sauti ya kutangaza treni. "Mgeni rasmi amekwisha kufika. Inapigwa picha ya pamoja, sasa hivi, kule mwisho wa uwanja, ili jengo lote lionekane nyuma. Safu ya mbele ina viti vichache."

Televisheni ilikuwa chini, kweli. Mgeni rasmi alikuwa amefika, kweli. Viti vilikuwa vichache, kweli. Picha ndiyo haikuwepo, lakini kwa jinsi walivyogeuka wote kwa pamoja, ingekuwepo muda si mrefu.

Walishuka kwa adabu ya ajabu, ile adabu ya watu wasiotaka kuonekana wanakimbia na wasiotaka kuwa wa mwisho. Hakuna aliyemkanyaga mwenzake, maana nguo zingekunjika. Fasta, ngazini, alikuwa ameelewa. "Taratibu, waheshimiwa, safu ya mbele ipo, mheshimiwa, kulia kwako, taratibu." Ilikuwa kazi ya kwanza aliyoifanya vizuri siku ile.

Korido ikabaki na watu wawili.

"Umenidhalilisha," Mwenyekiti alisema.

"Nimewashusha, Baba. Na wewe shuka."

"Sishuki." Alivuta kiti cha muuguzi kilichokuwa ukutani, akakiweka juu ya mstari, akaketi, mguu juu ya mguu. "Jina langu liko pale mlangoni. Nitakaa hapa mpaka mjukuu wangu azaliwe. Tuone hilo jengo lako litanifanya nini."

"Langu lilikuwa na pengo, Baba. Hili ni la Fasta."

"Usimtaje mwanangu."

Milimita angeweza kuondoka. Hesabu ilimwambia aondoke: mmoja ni afadhali kuliko wawili. Lakini mzee huyu alikuwa baba wa mume wake, na alikuwa mzito mno kuburuzwa.

"Sikuombi uniamini," alisema. "Geuza shingo tu. Tazama nguzo iliyo ubavuni mwako."

Mwenyekiti aligeuka kwa dharau. Akatazama. Dharau ikabaki usoni muda kidogo, ikakosa pa kukaa, ikaondoka. Ufa ulikuwa umeongezeka tangu watu waanze kuruka. Sasa ndani yake ilionekana nondo.

"Imepasuka," alisema.

"Ndiyo."

"Wageni wameiona?"

"Baba. Simama."

Alisimama. Alisahau kuushusha chini mguu uliokuwa juu ya mwenzake, nusura aanguke, akamshika mkwewe begani. Hilo nalo halikuwahi kutokea. Hatua moja, mbili, kuelekea ngazi. Milimita alimwongoza kama anayevusha kioo.

Mlango wa mwisho wa korido, upande wa jengo fupi, ulifunguka.

"Babu wee, uko wapi?" Ilikuwa sauti ya Mama mkwe, na chini ya sauti hiyo kulikuwa na kilio chembamba, cha hasira, cha kiumbe kilichoonja hewa na kuona haina ladha. "Wa kike. Mama yake mzima, wanamshona. Njoo umpokee mjukuu wako."

Alikuwa anakuja. Hakupita uwanjani. Kule kulikuwa na mzunguko, na hapa palikuwa hatua chache tu, na mikononi alikuwa na habari njema iliyofungwa kwenye shuka nyeupe.

"Mama," Milimita alisema, "simama hapo hapo. Rudi mlangoni."

"Umeanza tena."

"Mama, rudi nyuma. Rudi na mtoto."

"Mke wangu, rudi," alisema Mwenyekiti. Mkewe hakuwa amewahi kumsikia akikubaliana na mkwewe kwa jambo lolote. Alidhani wanamtania. Akacheka, akaendelea kuja.

Ndipo mlio ulipoanza chini ya sakafu. Haukuwa kama ule wa mwanzo. Huu ulitoka mbali, ukaja bila haraka, na haukuonyesha dalili ya kupita.

Jengo fupi lilianza kwanza, kama Milimita alivyokokotoa. Jengo refu lilikuwa bado halijaamua. Mama mkwe alipepesuka, akamkumbatia mtoto, akatazama mbele na kuona kwamba walio karibu naye zaidi walikuwa mumewe na mkwewe, upande wa pili wa mstari, wamenyoosha mikono.

Akakimbilia kwao.